Pointi 85 zisizokuwepo: kisa cha mhandisi anayeomba uteuzi wa jimbo la Victoria

Mhandisi wa ujenzi, Mtanzania, yuko Dubai na mke na mtoto mmoja. Anataka viza ya Australia ya daraja la 190, ile ya ukaazi wa kudumu inayotolewa kwa mtaalamu aliyeteuliwa na jimbo. Amejaza mwenyewe maelezo ya nia, yale ambayo waombaji wote huyaita EOI, kwenye SkillSelect, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Australia. Mfumo umempa pointi 80, na uteuzi wa jimbo ukiongeza 5 zinakuwa 85. Kiwango cha chini cha kisheria ni 65, kwa hiyo anajiona yuko salama mno. Hayuko salama. Akipata mwaliko kwa pointi hizo, ombi lake litakataliwa.

Mtu huyu ni wa mfano, tumemjenga kutokana na mambo yanayojirudia kwenye mafaili ya wahandisi wa Afrika Mashariki. Kanuni tunazompimia ni halisi, na tunampima akiwa mwishoni mwa mwaka 2025.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Amezaliwa 14 Machi 1993, ana miaka 32: pointi 30. Shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi: 15. IELTS, mtihani wa Kiingereza, amepata 7 au zaidi katika kila moja ya sehemu nne: 10. Mke ana IELTS ya 6 kila sehemu: 5. Mtihani wa lugha ya jamii wa NAATI, chombo cha Australia cha wafasiri na wakalimani, kwa Kiswahili: 5. Kazi nje ya Australia, zaidi ya miaka 8: 15. Jumla 80.

Tatizo liko kwenye hizo 15 za mwisho. Nje ya Australia, miaka 3 hadi isiyotimia 5 inampa mtu pointi 5, miaka 5 hadi isiyotimia 8 inampa 10, na 8 kwenda juu 15. Inahesabiwa kazi ya ndani ya miaka 10 iliyopita tu, yenye mshahara, ya saa 20 au zaidi kwa wiki, katika fani ileile anayoiombea au inayokaribiana nayo sana, na katika ngazi ya mtaalamu aliyekwisha kuhitimu.

Wengi hudhani kwamba akipunguziwa 5 atabaki na 80, na kwa kuwa 80 ni zaidi ya 65, viza itatoka. Sheria haisemi hivyo. Kwa daraja la 190 kuna masharti mawili kwa pamoja: pointi zitakazothibitishwa zisipungue 65, na zisipungue idadi iliyoandikwa kwenye mwaliko. Ukialikwa kwa 85 na ushahidi ukafika 80, umeanguka, hata kama kila ulichobaki nacho ni safi. Jimbo likikuteua halikukingi, maana anayeamua viza ni Idara ya Mambo ya Ndani ya serikali kuu. Ada nayo hairudi. Kwa mwaka wa fedha ulioanza 1 Julai 2025, mwombaji mkuu hulipa dola za Australia 4,910, mwenzi 2,455 na mtoto aliye chini ya miaka 18 hulipiwa 1,230. Kwa familia hii ni dola 8,595, na zote zimepotea kwa pointi 5 ambazo hakuzihitaji ili afuzu.

Sasa tuifungue historia yake ya kazi.

Mafunzo ya SEAP, Oktoba 2016 hadi Februari 2019

Alihitimu Julai 2016, akaingia SEAP, mpango wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mpango huo ni wa miaka 3. Yeye aliuacha baada ya miezi 29 alipopata ajira. Alilipwa posho. Hakuwa na mkataba wa ajira, hakukatwa kodi ya mshahara, hakuchangiwa NSSF, na barua aliyonayo inamtaja kama mhandisi aliye mafunzoni.

Ni kweli alikuwa eneo la ujenzi kila siku akipima, akikagua zege na kuandika ripoti. Hata hivyo, anayetathmini faili hatazami ugumu wa kazi. Anaangalia kama ilikuwa ajira yenye mshahara ya mhandisi kamili, na karatasi za SEAP zinasema kwa maneno yao wenyewe kwamba ni mafunzo. Miezi 29 hii tunaitoa. Kwenye EOI ataiandika, kwa sababu historia lazima ikamilike, lakini penye swali la kama kazi hiyo inahusiana na fani anayoiombea kwa ajili ya pointi atajibu hapana.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba umwombe aliyekusimamia SEAP aandike barua mpya isemayo ulikuwa mwajiriwa. Tunaukataa ushauri huo bila masharti. Kudai pointi kimakosa humaliza ombi moja. Hati ya uongo humfungia mwombaji na familia aliyoomba nayo miaka 3 chini ya kigezo kiitwacho 4020. Kifungo hicho hakimgusi aliyeandika barua hiyo.

Mkandarasi wa barabara, Machi 2019 hadi Septemba 2022

Hapa kuna miezi 43 ya kazi halisi ya uhandisi, na barua nzuri yenye cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara na majukumu. Barua peke yake haitoshi. Engineers Australia, chombo kinachotathmini wahandisi, hutaka pia ushahidi wa mtu wa tatu asiye mwajiri: kodi au mfuko wa hifadhi ya jamii. Mkenya ana fomu yake ya P9 ya kila mwaka pamoja na taarifa ya NSSF. Kwa Mtanzania kodi ya mshahara hupelekwa TRA na mwajiri kwa wafanyakazi wote pamoja, kwa hiyo nguzo inayobaki mara nyingi ni taarifa ya michango.

Taarifa ya NSSF ya mhandisi huyu ina michango ya miezi 22, Machi 2019 hadi Desemba 2020. Baada ya hapo ni patupu. Mwajiri aliendelea kukata mshahara lakini hakupeleka michango, jambo ambalo mwajiriwa hulijua siku anapoihitaji taarifa yake. Michango ikiwepo ina faida nyingine: kwa kuwa mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, 10 ya mwajiri na 10 ya mfanyakazi, mtathmini anaweza kugawa na kuona kama mshahara ulioandikwa kwenye barua ndio uliochangiwa. Barua ikisema shilingi milioni 2 na mchango ukaonyesha shilingi 160,000 badala ya 400,000, swali limezaliwa.

Kwa miezi 21 isiyo na michango ana nini? Miezi 6 ya mwanzo iliingia benki, ila kutoka akaunti binafsi ya mkurugenzi, si ya kampuni. Miezi 15 alilipwa taslimu na kwa simu. Taarifa ya miamala ya simu inaweza kuambatishwa, lakini inaonyesha tu kwamba mtu fulani alimtumia fedha. Haionyeshi kwamba ni mshahara.

Uamuzi wetu ni kuigawa ajira hii moja iwe mistari miwili kwenye EOI. Mstari wa kwanza, 1 Machi 2019 hadi 31 Desemba 2020, adai pointi. Mstari wa pili, 1 Januari 2021 hadi 30 Septemba 2022, asidai. Hata hivyo ile miezi 6 ya benki aiambatishe kwenye ombi la viza pamoja na barua ya mkurugenzi inayoeleza kwa nini alilipa kutoka akaunti yake. Sharti ni kwamba pointi zilizothibitishwa zisipungue zilizodaiwa. Ushahidi wa ziada usiodaiwa haudhuru, na siku mtathmini akikata mwezi mmoja mahali pengine, hiyo ndiyo akiba.

Dubai, kuanzia 1 Desemba 2022

Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato kwa mshahara, na mgeni hana mfuko wa pensheni wa serikali. Ushahidi wa mtu wa tatu unajengwa kwa njia nyingine: mkataba uliosajiliwa Wizara ya Rasilimali Watu, viza ya ukaazi, hati za mshahara za kila mwezi, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia kwa WPS, mfumo wa serikali wa kulinda mishahara, ambao ulianza kutumika huko mwaka 2009. Aombe taarifa ya benki yenye mhuri kwa kipindi chote mapema, kwa sababu benki nyingi huonyesha miezi michache tu kwenye simu.

Lakini mkataba wake wa kwanza unamwita msimamizi wa ujenzi, siyo mhandisi. Hili huwapata wengi walioingia kabla vyeti vyao havijathibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya kwao, ubalozi wa Falme na wizara ya huko: kampuni humsajili kwa cheo kisichohitaji shahada, kisha hubadilisha baadaye. Kwake cheo kilibadilishwa baada ya miezi 7. Akikaa kimya kuhusu miezi hiyo, itakatwa. Anahitaji barua ya mwajiri inayotaja tofauti hiyo waziwazi na kueleza sababu, mchoro wa ngazi za kampuni unaoonyesha nani alikuwa chini yake na yeye alikuwa chini ya nani, na nyaraka za mradi za miezi hiyohiyo zenye jina lake kama mhandisi: maombi ya ukaguzi, kumbukumbu za vikao, michoro aliyoipitia.

Sasa tujumlishe. Miezi 22 ya Tanzania na ya Dubai inayoendelea. Dubai itatimiza miezi 38 tarehe 31 Januari 2026. 22 na 38 ni 60, yaani miaka 5 kamili. Kabla ya hapo kazi inampa pointi 5; kuanzia 1 Februari 2026 inampa 10.

Siku 41

Tarehe 14 Machi 2026 anatimiza miaka 33. Umri wa 25 hadi 32 una pointi 30. 33 hadi 39 una 25. SkillSelect hupunguza pointi yenyewe siku hiyo, haingoji mtu aguse kitu.

Kwa hiyo pointi zake za kweli, pamoja na 5 za jimbo, ni 75 hadi mwisho wa Januari, 80 kuanzia 1 Februari hadi 13 Machi, kisha 75 tena. Siku 41.

Pointi hupimwa siku ya mwaliko wa viza, na kwa daraja la 190 mwaliko huo hutoka baada ya jimbo kukamilisha uteuzi. Hautoki siku jimbo lilipokuchagua, na kati ya hatua hizo mbili zinaweza kupita wiki kadhaa. Anaweza kuchaguliwa mwishoni mwa Februari akiwa na 80 na kualikwa mwishoni mwa Machi akiwa na 75. Mwaliko ukiandikwa 75, hizo ndizo atakazothibitisha, na anazo. Kwa sababu hiyo hatumshauri ayajenge maisha yake juu ya siku hizo 41. Tunamshauri awe tayari zinapofika.

Mtego mwingine uko palepale kwenye EOI. Kazi ya sasa ukiiachia tarehe ya mwisho wazi, mfumo huendelea kuongeza miezi wenyewe. Ni jambo jema ukiwa bado kazini. Ukiacha kazi Desemba na usirekebishe, Februari mfumo utakupa pointi za kazi usiyoifanya, na mwaliko ukija hautarekebishika.

Tathmini ya Engineers Australia

Shahada ya Tanzania haingii kwenye mkataba wa Washington wa kutambuana, kwa hiyo njia yake ni ripoti ya umahiri, CDR. Ni masimulizi 3 ya kazi, kila moja maneno 1,000 hadi 2,500, aya zikiwa na namba. Orodha ya mafunzo endelevu isiyozidi ukurasa mmoja. Na muhtasari unaounganisha vipengele 16 vya umahiri wa mhandisi mtaalamu na namba za aya husika.

CDR huanguka kwa sababu moja kuliko zote: mwandishi anasimulia mradi badala ya kujisimulia yeye. Kilomita ngapi za lami zilitandikwa si hoja. Hoja ni wewe uliona nini kwenye matokeo ya CBR, kipimo cha uimara wa udongo, ukakokotoa unene gani wa tabaka, kwa nini ukakataa chaguo la pili, na ulibadilisha nini baada ya majaribio. Andika kwa nafsi ya kwanza umoja. Masimulizi yakionyesha usimamizi tu bila usanifu na uchambuzi, matokeo yanaweza kutoka kama mtaalamu wa teknolojia ya uhandisi badala ya mhandisi ujenzi, na hiyo ni fani nyingine yenye namba nyingine. Wanaouza CDR zilizokwisha andikwa wanauza adhabu, kwa sababu maandishi hukaguliwa kwa programu za kugundua unakili na anayekamatwa hufungiwa kuomba.

Ile SEAP tuliyoitoa kwenye pointi inaruhusiwa kabisa kuwa moja ya masimulizi. Mafunzo hayahesabiki kama ajira, lakini uhandisi uliofanyika ndani yake ni ushahidi wa umahiri.

Tathmini ya miaka ya kazi ni huduma ya ziada yenye malipo yake. Asiibane pesa hapo; ndiyo inayomwambia kabla ya mwaliko kipi kimekubalika. Barua ya matokeo itaishia tarehe ya barua za mwajiri alizowasilisha, tuseme Agosti 2025. Miezi kutoka hapo hadi Januari 2026 ataithibitisha mwenyewe kwa barua mpya ya mwajiri yuleyule, kwa cheo kilekile, na mishahara ya miezi hiyo.

Pointi 10 za nyumbani

Za mke ni rahisi mradi tarehe ya matokeo yake iwe kabla ya mwaliko. IELTS yake inafanya kazi ya pili: mwenzi asiye na Kiingereza cha msingi hulipiwa ada ya pili inayozidi dola 4,800. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili na kuishia kidato cha nne ana miaka 4 tu ya sekondari kwa Kiingereza, na kanuni inataka 5, kwa hiyo cheti cha shule hakimwokoi. Aliyefika kidato cha sita amevuka.

NAATI hupima ukalimani wa mazungumzo mawili, kila moja alama 45; ushindi ni 63 kati ya 90, na usipate chini ya 29 kwenye mazungumzo yoyote. Waswahili huanguka kwa mchanganyiko tuliouzoea. Ukisikia Kiingereza kuhusu rehani, bima au likizo ya ugonjwa na ukarudisha neno lilelile la Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili, unakatwa. Jizoeze na maneno ya hospitali, benki, mahakama na ofisi ya ustawi wa jamii. Kurudiwa kipande mara moja kwa kila mazungumzo hakukatwi, basi kitumie.

Jimbo

Victoria huanza na usajili wa nia kwenye tovuti yake, wenye namba ya EOI. Ukishapelekwa hauhaririwi, taarifa ikibadilika unauondoa na kupeleka mwingine. Mhandisi wetu aufute wa sasa wenye 85, arekebishe EOI, kisha apeleke mpya 1 Februari. Afungue EOI ya Victoria pekee. Akitaka kujaribu jimbo jingine, aifungulie yake.

Akichaguliwa ana siku 14 za kuwasilisha kila kitu. Hazitoshi kutafuta barua Dar es Salaam ukiwa Dubai, hasa ikiwa aliyekuwa mkurugenzi yuko safarini. Faili liwe limekamilika kabla ya usajili kwenda. Uteuzi ukikubaliwa, mwaliko wa viza una siku 60. Siku hizo hupungua haraka kadi ya benki ikiwa na kikomo cha matumizi ya nje chini ya dola 8,595, kwa hiyo aongee na benki mapema.

Majina nayo. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti matatu, na NIDA imebadilisha herufi moja. Hati ya kiapo moja inayotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi huondoa maswali ya miezi. Cheti chochote cha Kiswahili kitafsiriwe. Mfasiri aliye nje ya Australia aandike jina lake kamili, anwani, simu na sifa zake za kutafsiri.

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi mtu aliyoishi jumla ya miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita tangu afikishe miaka 16: kwake Tanzania na Falme, na kwa mke vilevile ikiwa ametimiza miezi hiyo Dubai. Vyeti hivyo na vipimo vya afya huhesabiwa kuwa hai kwa miezi 12, na viza ikitoka, tarehe ya mwisho ya kuingia Australia kwa mara ya kwanza kwa kawaida hufungwa na kilichotangulia kati ya hivyo. Asikimbilie kupima afya mapema sana.

Machi 14 ikipita bila mwaliko, anabaki na 75 zinazothibitika. Hapo asiguse tena historia ya kazi. Pointi zilizo karibu naye kuliko zote ziko kwenye IELTS: kutoka 7 hadi 8 kwa kila sehemu ni pointi 10 zaidi, mara mbili ya alichopoteza kwa umri. Sehemu inayowarudisha nyuma wahandisi ni kuandika, kwa hiyo wiki za Novemba hadi Januari, wakati miezi ya Dubai inajijaza yenyewe, ndizo za kuandika insha mbili kila siku na kusahihishwa.